Kitimwendo kwenye kijiji cha kale: "panafikika" maana yake nini hasa?

Alama ile mnaijua: mtu mweupe ameketi kwenye gurudumu, nyuma yake rangi ya buluu. Ilikuwa imebandikwa langoni, na makumbusho yenyewe, kijiji kizima cha mtindo wa karne ya 18, yalikuwa yametangaza kwamba eneo lao linafikika kwa viti vya magurudumu, yaani vitimwendo. Nilikuwa namsukuma shangazi yangu. Choo cha langoni kilikuwa kizuri, mlango mpana, vishikizo ukutani, hakuna la kulaumu. Tukatokea upande wa pili, na baada ya hatua kama thelathini lami ikaisha. Mbele yetu ikawa njia ya changarawe, vijiwe vya mviringo vinavyong'aa kama shanga, vimemwagwa kwa kina cha kidole. Magurudumu madogo ya mbele yakazama, kiti kikagoma ghafla, na shangazi akayumba mbele hadi akajishika magoti.

"Mwanangu, geuza," akasema. "Nivute kinyumenyume."

Ndivyo tulivyoiona karne ya 18: yeye akitazama tulikotoka, mimi nikirudi nyuma na kuwaomba watu radhi.

Je, aliyeandika "panafikika" alitudanganya? Sidhani. Kwake neno hilo lilimaanisha kwamba lango ni pana, choo kipo na njiani hakuna ngazi. Kwa shangazi lilimaanisha kwamba atamwona mhunzi akifua chuma. Neno moja, ahadi mbili. Na mkanganyiko wenyewe hauishii hapo. Mada hii ikiguswa tu, wapo watakaosema kijiji cha kale hakiwezi kuwekwa rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, bila kuharibiwa, wapo watakaodai sheria imeshayasamehe majengo ya kihistoria, na hakosi mmoja wa kuuliza kwani hao watu wa viti walikuwepo zamani. Kila moja ya kauli hizo ina punje ya ukweli, ndiyo maana zinadumu.

Makumbusho yasiyo na kuta

Makumbusho ya kawaida ni jengo. Unaingia, vitu viko kwenye makabati ya vioo, unasoma vibao, unatoka. Makumbusho hai ya nje ni kijiji kizima: nyumba, zizi, karakana, shule, bustani ya mboga, vyote vimepangwa kama vilivyokuwa enzi fulani, na ndani yake wamo watu waliovaa mavazi ya enzi hiyo wakifanya kazi za enzi hiyo. Mmoja anavuta mivukuto, mwingine anasokota sufu, seremala anapiga randa huku akikujibu maswali. Hawa nitawaita waelezaji, maana hiyo ndiyo kazi yao hata kama mikononi wana nyundo.

Makumbusho ya kwanza maarufu ya namna hii ni Skansen, jijini Stockholm, yaliyofunguliwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Alihamisha nyumba za wakulima kutoka pande mbalimbali za Uswidi akazisimamisha upya juu ya kilima. Marekani kuna Colonial Williamsburg, Virginia, mji wa karne ya 18 ambao kazi ya kuurudisha ilianza mwaka 1926, na eneo lake la kihistoria ni ekari 301. Kuna Plimoth Patuxet, Massachusetts, yaliyoanzishwa mwaka 1947, ambayo kijiji chake cha walowezi Waingereza kinaigiza maisha ya mwaka 1627. Uingereza ina Beamish, kaskazini mwa nchi, ekari 350 hivi, pamoja na tramu zinazozunguka kutoka enzi moja hadi nyingine.

Nimetaja ekari kwa makusudi. Kwenye makumbusho ya jengo, ukiweka rampu mlangoni na lifti moja ndani, umefungua ghorofa zote. Kijijini kila nyumba ina mlango wake, kizingiti chake na kipande chake cha ardhi mbele ya kizingiti. Ukitatua nyumba moja hujatatua ya pili. Na juu ya yote kuna mvua, ambayo kwenye jengo haiingii.

Ndiyo maana ufikivu wa mahali kama hapa hauwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Ni mnyororo: kushuka kwenye gari, kupita langoni, kusafiri hadi nyumba ya kwanza, kuvuka kizingiti, kuona kinachofanyika ndani, kuuliza swali na kusikia jibu, kufika msalani kabla mambo hayajaharibika, kisha kurudi. Pete moja ikikatika, zilizobaki ni mapambo. Choo kile kizuri cha langoni kilikuwa pete imara kabisa ya mnyororo uliokatika hatua thelathini mbele yake.

Gurudumu dogo ndilo linaloamua

Watu wengi wakisikia kitimwendo wanafikiria ngazi. Ngazi ni tatizo, lakini ni tatizo linaloonekana. Adui mkubwa wa kijiji cha makumbusho ni ardhi, na ili kuelewa kwa nini, kiangalie kiti chenyewe.

Kitimwendo cha kawaida cha kusukumwa kwa mikono kina magurudumu mawili makubwa nyuma, yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi, na mawili madogo mbele, mara nyingi kati ya sentimita 12 na 20. Yale makubwa hubeba sehemu kubwa ya uzito na kusukuma. Haya madogo huzunguka huku na huku ili kiti kiweze kukata kona. Gurudumu kubwa likikutana na jiwe la sentimita tatu linalipanda. Dogo linaligonga kama limekutana na ukuta. Aliyewahi kusukuma kitoroli cha dukani kwenye maegesho yenye mashimo anaijua hali hii, ila kitoroli hakina mtu wa kumwagika.

Kwenye changarawe au mchanga mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu gurudumu dogo na jembamba huchimba. Kadiri unavyosukuma ndivyo linavyozama. Ushauri wa shangazi wa kuvutwa kinyumenyume ulikuwa wa kitaalamu hasa: magurudumu makubwa yanatangulia, madogo yanafuata nyuma na unaweza hata kuyainua kidogo. Siku hizi kuna kifaa cha gurudumu moja kubwa kinachofungwa mbele ya kiti na kuyanyanyua yale madogo yasiguse ardhi kabisa. Ni kifaa rahisi, na makumbusho yenye njia mbovu yangefanya jambo la maana kuwa na vichache vya kuazimisha langoni.

Halafu kuna mteremko. Hapa hesabu ni nyepesi. Chukua mtu na kiti chake, jumla kilo 100. Kwenye sakafu tambarare na ngumu, kukisukuma ni kazi ndogo. Kwenye mteremko unaopanda mita moja kwa kila mita 20, ardhi inamdai kama kilo 5 za kusukuma mfululizo, bila kupumzika, hadi afike juu. Kwa mita moja kwa kila 12, deni linafika kilo 8. Unaposimama kuvuta pumzi, deni halisimami nawe: ukiachia mikono unarudi chini. Sasa ongeza changarawe juu ya mteremko huo. Kwa anayetembea kwa miguu hicho ni kilima kidogo ambacho hata hakukiona.

Kibaya zaidi, na ambacho karibu hakuna asiyetumia kiti anayekifahamu, ni mteremko wa pembeni. Barabara za zamani ziliinuliwa katikati ili maji yamwagike mitaroni, na njia nyingi za vijijini zimelalia upande mmoja. Ukipita hapo kwa kiti, kinavutwa kuelekea mtaroni muda wote. Mkono mmoja unasukuma kwa nguvu zote huku mwingine ukifunga breki, kwa mita mia mbili. Kesho yake bega moja linauma na jingine liko salama. Viwango vya ufikivu vya Marekani vinaruhusu mteremko wa pembeni usiozidi mita moja kwa kila 48, yaani karibu asilimia 2. Macho ya kawaida hayauoni mteremko huo. Mabega yanauona.

Na kwa kuwa tuko kwenye kijiji chenye farasi, niseme na hili ambalo miongozo mingi inaona aibu kulisema. Farasi hawana choo. Magurudumu yanapita juu ya waliyoyaacha, na anayejisukuma mwenyewe anashika ringi zilizopakana na matairi hayo hayo. Bomba la maji na sabuni karibu na njia ni sehemu ya ufikivu, ingawa hakuna anayelipigia picha.

Je, suluhisho ni lami kila mahali?

La. Hapa wanaohofia kijiji kugeuzwa kituo cha mabasi wana hoja, ila hofu yao imepitwa na ufundi wa njia.

Siri iko kwenye umbo la jiwe. Vijiwe vya mviringo, kama vile vya mtoni, huteleza juu ya vingine. Havishikani hata ukivishindilia mwaka mzima. Kokoto zilizopondwa zina kona kali, na zikichanganywa na vumbi lake la mawe, zikamwagiwa maji na kushindiliwa, kona zinaumana na vumbi linajaza mianya. Unapata njia ngumu yenye rangi ya udongo, ambayo kwa mbali huwezi kuitofautisha na barabara ya kijiji ya zamani. Zinaweza pia kuchanganywa na gundi maalumu ili mvua isizisombe. Kwa hiyo mwenye makumbusho akisema "tuna changarawe", swali la kwanza ni: changarawe ya namna gani? Tofauti kati ya siku nzuri na siku mbovu imo humo.

Barabara za mawe ya kupanga nazo zina dawa. Mawe yanang'olewa, sehemu ya juu iliyovimba inakatwa kwa msumeno, yanarudishwa mahali pake yakiwa bapa na mianya ikiwa imejazwa. Si lazima barabara nzima. Ukanda wa upana wa mita moja na nusu unatosha, na mtu akipita na kigari cha mtoto ataufuata bila kuambiwa.

Njia za mbao zina kosa moja linalojirudia: mbao kulazwa kwa urefu kufuata mwendo. Gurudumu dogo likiingia kwenye mwanya kati ya mbao mbili, linafuata mwanya kama tramu kwenye reli. Mbao zilazwe kukata njia, na mianya isizidi milimita 13. Reli za tramu zenyewe zivukwe kwa kuzikata moja kwa moja, kamwe si kwa mshazari, na njia ichorwe ili imlazimishe mtu kuvuka hivyo.

Viwango vya Marekani vinasema yote haya kwa maneno matatu: uso wa njia uwe mgumu, uwe thabiti, usiteleze. Havikutaja lami wala saruji. Aliyeviandika alijua zipo njia nyingi za kufika hapo.

Hesabu ya rampu

Rampu watu huidhania ndogo kuliko ilivyo. Kanuni inayotumika sana ni moja kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15, ambacho ni ngazi moja tu, kinataka rampu ya mita 1.8. Nyumba iliyoinuliwa mita moja kutoka ardhini inataka mita 12, tena haziruhusiwi kwenda mfululizo. Kwa viwango vya Marekani kila mpando wa sentimita 76 lazima ukatwe na sehemu tambarare ya kupumzikia yenye urefu wa mita 1.5 hivi. Ndiyo maana ubao mmoja unaoegemezwa ngazini mgeni anapofika si rampu. Ni hatari yenye nia njema.

Mita 12 za rampu mbele ya kibanda cha mkulima kweli zitakiharibu sura. Lakini rampu ni jibu moja tu kati ya mengi. Mara nyingi lililo bora ni kuinua ardhi yenyewe: udongo unajazwa taratibu kuanzia mbali, njia inapanda kwa mteremko wa moja kwa 20 au chini zaidi, nyasi zinaota pembeni, na inafika mlangoni ikiwa sawa na kizingiti. Mgeni haoni rampu kwa sababu haipo. Kuna njia inayofika mlangoni. Ikibidi rampu, ya mbao isimame kwa miguu yake bila kupigiliwa msumari hata mmoja kwenye ukuta wa kale, ili siku ikiondolewa nyumba ibaki kama ilivyokuwa.

Mlango mwembamba nao una hila yake. Viwango vya Marekani vinataka uwazi wa sentimita 81, na nyumba nyingi za kale ziko chini ya hapo. Kabla hujafikiria kuvunja fremu, tazama bawaba. Mlango ukifunguliwa kwa bawaba za kawaida, unene wa ubao wenyewe unabaki ndani ya uwazi na kuula. Zipo bawaba zilizopinda zinazoutupa mlango nje kabisa ya fremu, na unapata sentimita nne au tano zaidi bila kugusa ukuta. Mara nyingi sentimita hizo nne ndizo zilizokuwa zinamwacha mtu nje.

"Sheria imeshasamehe majengo ya kihistoria"

Hii ndiyo kauli inayosemwa kwa uhakika mkubwa kuliko zote, na ndiyo iliyopotoka zaidi.

Marekani, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilisainiwa mwaka 1990, na viwango vya majengo vinavyotumika sasa ni vya mwaka 2010. Ni kweli vina nafuu kwa majengo ya kihistoria. Lakini soma nafuu hiyo inavyofanya kazi. Inahusu jengo linalotambuliwa rasmi kuwa la kihistoria. Inapatikana pale tu ambapo marekebisho yangeharibu umuhimu wake wa kihistoria, na mwenye jengo hajipi nafuu hiyo mwenyewe. Uamuzi unapitia kwa afisa wa uhifadhi wa jimbo. Hata ikipatikana, mwenye jengo anabaki na wajibu wa kumpa mgeni njia mbadala ya kukifikia kile wengine wanachokifikia. Ni nafuu yenye mlango mwembamba, wenye jengo nao wabanane kidogo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba nyumba nyingi kwenye makumbusho hai si za kale. Nyumba za kijiji cha Waingereza pale Plimoth zilijengwa na mafundi wa karne ya 20 na baadaye. Ni nakala, tena nakala nzuri. Jengo halipati hadhi ya kihistoria kwa sababu tu limeezekwa kwa mtindo wa mwaka 1627, na ambaye anajenga nakala leo ana penseli mkononi: anaweza kuchora kizingiti cha chini na mlango mpana kidogo kabla hajapigilia msumari wa kwanza.

Uingereza inalitazama suala hili kwa jicho jingine. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka wanaohudumia umma kufanya marekebisho yanayowezekana kwa kadiri ya hali yao, na wajibu huo ni wa kutangulia: huruhusiwi kusubiri mtu wa kitimwendo afike ndipo uanze kutafuta ubao. Majengo yaliyoorodheshwa kama urithi yanahitaji kibali kabla ya kubadilishwa, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kuhitaji kibali na kukatazwa ni vitu viwili.

Juu ya sheria za nchi kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Kifungu chake cha 30 kinataja makumbusho kwa jina, pamoja na kumbi za maonyesho, sinema, maktaba na sehemu za kumbukumbu. Utamaduni umewekwa humo kama haki, sambamba na shule na hospitali.

"Mtaharibu uhalisia"

Nakubali kwamba uhalisia ni bidhaa ya makumbusho haya. Ila tuulizane kwa haki: uhalisia upi? Jumba la Gavana la Williamsburg liliungua mwaka 1781. Lile ambalo watalii wanalipiga picha lilifunguliwa mwaka 1934. Pale Skansen, mwaka 1897, miaka sita tu baada ya kufunguliwa, kiliwekwa kireli cha kuwapandisha wageni kilimani, na sijasikia kwamba nyumba za wakulima zilipungua ukale kwa sababu yake.

Kila kijiji cha makumbusho kina umeme uliofichwa, vizima moto nyuma ya milango, njia za dharura, duka la zawadi na vyoo vya kuvuta maji. Vyote hivyo havikuwepo. Viliingizwa kwa sababu mtu aliamua ni vya lazima, kisha mafundi wakaumiza vichwa namna ya kuvificha. Rampu nayo ikiamuliwa kuwa ya lazima itapata mafundi wake. Ikionekana ya hiari, ndipo inapoharibu uhalisia.

Kuna suluhisho moja la kificho ambalo mimi silipendi, ingawa hutumika sana: mlango wa nyuma. Mgeni wa kiti anazungushwa kupitia jikoni au stoo. Wakati mwingine hakuna namna nyingine, na jikoni la kale huenda likavutia kuliko sebule. Ila ikiwa nyumba tano mfululizo zinakupitisha nyuma, unakuwa umeona kijiji kingine, na mnaachana na wenzako kila mnapofika mlangoni.

"Kwani zamani walikuwepo?"

Walikuwepo. Mfalme Philip II wa Hispania alikuwa na kiti chenye magurudumu mwaka 1595, chenye mgongo na sehemu ya miguu vinavyorekebishika. Mwaka 1655 Stephan Farffler, fundi saa Mjerumani aliyekuwa mlemavu, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha mwenyewe kwa mpini wa mkono. Karne moja baadaye, mnamo 1750, James Heath alibuni kiti cha kukokotwa katika mji wa Bath, Uingereza, na viti hivyo vikaenea hadi vikaitwa kwa jina la mji. Kiti cha chuma cha kukunja, baba wa hivi vya leo, kilitengenezwa Marekani mwaka 1933 na Herbert Everest na Harry Jennings.

Hao ni wenye majina. Wasio na majina ni wengi zaidi: askari waliokatwa miguu, wachimba madini waliovunjwa na mawe, wazee, wanawake walioumia wakijifungua. Kijiji cha kale bila mtu anayechechemea ndicho cha kubuni. Kwa hiyo makumbusho yanayomwajiri mwelezaji anayetumia kiti hayaivunji picha ya zamani. Yanarudisha kipande kilichokatwa. Na huyo mfanyakazi atahitaji mlango, njia na choo kila siku, jambo linaloharakisha mipango kuliko barua za wageni.

Yasiyofikika

Sitaki kudai kila kitu kinawezekana. Kule Mystic Seaport, Connecticut, ipo Charles W. Morgan, meli ya kuwinda nyangumi iliyoundwa mwaka 1841. Huwezi kuweka lifti kwenye tumbo la meli hiyo ukabaki nayo, na kwenye meli yoyote iliyo majini daraja la kupandia hubadilika mteremko kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Orofa za juu zenye ngazi kama za kupandia mnazi nazo ziko hivyo.

Hapo kinachofuata ni njia mbadala, na zipo mbadala za kweli na za kujitoa lawama. Picha tatu zilizopauka kwenye jalada la plastiki ni kujitoa lawama. Video iliyopigwa kwa urefu wa macho, chumba kwa chumba, na mwelezaji wa kujibu maswali, ni kitu kingine. Mbadala bora haina mashine kabisa: kitendo kinatoka nje. Gurudumu la kusokotea halihitaji kukaa orofani. Likiletwa barazani, kila mtu anaona, na mwanga ni mzuri zaidi.

Kuna pia kufika bila kuona. Karakana nyingi za kale zina mlango wa vipande viwili, cha chini kikifungwa wageni wanachungulia juu yake. Aliyeketi, macho yake yako mita 1.2 hivi kutoka ardhini. Anachokiona ni ubao. Tulipomfikia mhunzi hatimaye, ndivyo ilivyokuwa: shangazi alisikia nyundo, akanusa makaa, na mbele ya pua yake kulikuwa na kitasa.

Ya kuuliza kabla hujafunga safari

Usiulize kama panafikika, utajibiwa ndiyo. Uliza njia imetengenezwa na nini, na baada ya mvua inakuwaje. Uliza kwa nyumba: ni zipi ninaweza kuingia kupitia mlango wa mbele, na zipi nitaishia mlangoni? Mteremko mkali uko wapi, na kuna gari la kuukwepa ambalo kiti kinapanda bila mimi kushuka? Choo cha mbali kabisa na lango kiko wapi? Kama unatumia kiti cha umeme, taja uzito wake, maana rampu ya mbao ina kikomo cha uzito inaoweza kubeba.

Kama wewe ni wa kutembea hatua chache kisha ukae, liseme hilo pia, usione haya. Watu wengi wa viti wanaweza kusimama, wengine hata kupanda ngazi mbili, na mhudumu asiyelijua hilo ama atakuzuia mahali ambapo ungeweza, ama ataguna ukisimama kana kwamba umemtapeli. Jibu la simu lenyewe litakwambia mengi. Anayejua makumbusho yake atasema: "Karakana ina kizingiti cha sentimita kumi, lakini ukinipa saa ya kufika, mhunzi atafungua mlango wa pembeni." Anayekusomea tangazo atakwambia wote mnakaribishwa.

Kwa shangazi hakukuwa na simu wala saa ya kufika. Aliugonga ule ubao kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Nyundo ikanyamaza, komeo likavutwa, na kipande cha chini cha mlango kikafunguka. Mhunzi hakujua la kusema. Shangazi akamuuliza chuma hicho kitakuwa nini kikiisha.